Kiti cha Lemuel Tate

Asubuhi moja ya baridi kali ya Februari, Lemuel Tate alitema usaha katika beseni lile lile ambalo mkewe, Odessa, alikuwa ameoshea mboga jana yake. Odessa akageuza uso. Alimpenda mumewe, lakini mapenzi hayajawahi kumzuia mtu kupata kichefuchefu.

"Fungua mdomo nione."

"Huna cha kuona. Jino tu."

"Jino tu linanuka hivyo? Roscoe, wewe pua yako imekufa? Husikii harufu?"

Roscoe, mdogo wake Odessa, alikuwa bado amejilaza kwenye kochi upande wa pili wa pazia. Chumba kilikuwa hicho kimoja, kama vyumba vyote vya jengo letu pale kusini mwa Chicago. Mwenye nyumba alikuwa amezikatakata nyumba za watu wa heshima zikawa vichumba, kila kichumba na jiko lake la gesi na mende wake, na choo kimoja kwa ghorofa nzima. Pazia walilitundika wenyewe.

"Na-na-nasikia, dada," Roscoe akajibu. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kanisani akipewa tangazo asome, waumini walikuwa wakimmalizia maneno kwa upendo, na upendo huo ulimuudhi kuliko kuchekwa.

Lemuel akafungua mdomo. Ufizi wa juu, mbele kabisa, ulikuwa umevimba na kugeuka rangi ya zabibu iliyooza, na meno mawili yaliyoshikwa nao yalicheza kwa ncha ya kidole. Angekuwa mwashi au mpagazi, hilo lingekuwa balaa la wiki moja. Lakini Lemuel alikula kwa kupuliza tarumbeta, na mdomo wa tarumbeta hukaa papo hapo, juu ya meno yale mawili, usiku baada ya usiku.

"Tangu lini?" Odessa akauliza.

"Tangu ile santuri."

"Mwaka mzima! Mwaka mzima unaniambia ni baridi, ni nyama imenasa!"

Lemuel alikuwa mpiga tarumbeta wa tatu katika bendi ya Seneta Purvis. Purvis hakuwa seneta wa popote. Viongozi wa bendi siku zile walijivika vyeo, na vyeo vikubwa vya kifalme vilikuwa vimeshachukuliwa na wengine. Bendi yake ilikuwa na jina. Watu wake walivaa makoti ya buluu yenye kola ya hariri, walinyoa vizuri, walinyanyuka na kuketi kwa pamoja, na walipoanza kupiga, hata mgonjwa kitandani alitikisa kidole cha mguu.

Kilichowaletea jina kilikuwa kibao kimoja, "Mzigo wa Jumamosi." Katikati ya kibao hicho saksafoni zinanyamaza, Lemuel anasimama peke yake na kupiga solo. Karibu na mwisho, sauti inapanda juu kabisa, na pale juu inapasuka. Inachanika kama shuka kuukuu, halafu inajirudi na kushuka taratibu. Haikukusudiwa. Jino lilimchoma wakati wanarekodi, mdomo ukateleza. Lemuel aliomba warudie, Seneta akakataa kwa sababu studio haikuwa ya baba yake. Santuri ikatoka na mpasuko wake.

Na watu wakaupenda mpasuko! Waliupenda kuliko vyote. Walisema ni roho ya mtu inayolia, ni mwanamke aliyemtoroka, ni Kusini aliyoiacha. Watoto wa ngazini kwetu walipiga miluzi ile solo nzima, na wakifika pale, wanakwaruza koo makusudi. Basi tangu hapo kila Lemuel aliposimama alitakiwa kupiga ile ile ya kwenye santuri, pumzi kwa pumzi. Akijaribu jipya, wachezaji walisimama katikati ya ukumbi na kumkodolea macho kama aliyewaibia. Mtu akawa kazi yake ni kujiiga mwenyewe, pamoja na ugonjwa wake.

"Leo hupulizi," Odessa akasema.

"Nisipopuliza lazima nipeleke mtu wa kunishikia kiti."

"Mpeleke Roscoe."

Nyuma ya pazia kochi lililia. Wanamuziki wana msemo wao: ukituma mbovu unaaibika, ukituma mzuri unafukuzwa. Kila mmoja katika bendi anaweka akilini mtu wake wa kumtuma, wa katikati, asiyechafua kazi na asiyesisimua mtu. Lemuel naye alikuwa na wa kwake, mzee mmoja anayepuliza kama anayepoza uji. Lakini mzee yule alikuwa amelazwa.

"Roscoe hajakomaa," akasema.

"Umemfundisha wewe mwenyewe, kwa tarumbeta lako hilo hilo, miaka minne nawasikiliza mkinitoboa masikio. Na kiti kikikaliwa na Roscoe si kimebaki humu ndani? Damu ni nzito kuliko maji."

"Shemeji, si-si-siwezi kukunyang'anya," Roscoe akasema, akiwa ameshasimama na shuka kiunoni.

"Nani kasema utaninyang'anya?" Lemuel akacheka, na usaha ukamtoka pembeni ya mdomo. "Usiku mmoja tu. Na solo uipige, lakini usijitie kuipamba."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la mtu anayejua kazi. Lemuel alikuwa amemfundisha Roscoe kila kitu isipokuwa namna ya kupandia ile sauti ya juu. Alijua kijana akifika pale atababaika, na Seneta atasema: siku Lemuel akipona, arudi haraka. Alisahau kwamba mtu aliyelala kwenye kochi miaka minne nyuma ya pazia ana masikio.

*

Seneta Purvis alikuja mwenyewe Jumatatu, na kuja kwake kulitosha kumjulisha Odessa kwamba mambo yameharibika. Hakuwa amewahi kupanda ngazi zetu. Alipofika juu alijipangusa vidole kwa leso kwa sababu alikuwa ameshika ukingo wa ngazi, kisha akaitandika leso hiyo hiyo kitandani na kuikalia. Alikuwa mweusi kama sisi, mtoto wa mfua nguo kutoka Alabama, lakini kukalia kitanda cha watu bila leso hakuweza.

Wakati huo meno mawili ya Lemuel yalikuwa yameshang'olewa. Daktari wa meno wa mtaani alisema yangebaki yangemla taya. Alimwambia asubiri ufizi ukauke, ndipo awekewe ya bandia, halafu aanze upya kujifunza kupuliza, kama mtoto. Huenda ikafika kiangazi. Huenda ikapita.

"Pole sana, ndugu yangu," Seneta akasema, akaweka machungwa mezani. "Machungwa mazuri haya, ya Florida."

Lemuel alimtazama. Mdomo ulikuwa umefungwa kitambaa, kidonda kibichi, na mtu anamletea machungwa.

"Yatamuunguza, bwana," Odessa akasema.

"Aah. Basi kula wewe, mama. Nisikilizeni. Yule kijana wenu…" Akatikisa kichwa kama anayeonja mchuzi. "Lemuel, ulikuwa umemficha wapi? Ile juu anaifikia kama anachuma tunda. Safi kabisa."

"Basi nashukuru," Lemuel akasema kwa sauti ya kitambaa.

"Safi mno. Ndiyo shida yenyewe. Haipasuki. Wazungu wa ukumbi wa Monarki wananiuliza, imekuwaje leo haikupasuka? Mmoja alitaka arudishiwe kiingilio. Sasa wewe utamfundisha apasue."

Odessa akayasukuma machungwa mbali naye.

"Ule ni ugonjwa," akasema. "Ule ni usaha, Bwana Purvis. Huwezi kumfundisha mtu usaha."

"Mama, ukiwa kwenye santuri huo si usaha tena. Ni bidhaa." Akaugeukia upande wa Lemuel. "La pili ni jina. Mabango yameshabandikwa: Seneta Purvis na Mabalozi Wake, pamoja na Lemuel Tate. Redio nayo inatuchukua Jumapili ya mwisho wa mwezi, moja kwa moja kutoka ukumbini, nchi nzima. Wanamtaka Lemuel Tate. Siwezi kuwaambia Lemuel Tate yuko kitandani anakula uji."

"Wakimwona Roscoe watajua," Lemuel akasema.

Seneta akacheka kwa dhati kwa mara ya kwanza.

"Wazungu wa Monarki? Lini wamemtazama mpiga tarumbeta juu ya kola? Umekaa pale miaka mitatu. Ijumaa amekaa mtu mfupi kuliko wewe, mweusi kuliko wewe, hana masharubu. Wakamwita Lemuel. Wakampa sigara."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilitia kinyaa. Ukumbi wa Monarki haukuruhusu mtu mweusi kuingia kwa mlango wa mbele. Mabalozi waliingia kupitia jikoni, katikati ya mapipa ya maganda ya kamba, wakapiga, wakatokea huko huko. Sisi jirani zake tuliishi umbali wa kutembea kwa miguu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Lemuel akipuliza mle ndani.

"Na sisi tunapata nini?" Odessa akauliza.

"Nusu ya mshahara wa kiti italetwa hapa. Roscoe nitampangia chumba karibu na ukumbi. Na siku ufizi wako ukipona, Lemuel, unarudi pale pale. Kiti chako, jina lako, hakuna aliyejua kwamba uliwahi kutoka. Nakulindia." Akasimama, akaiokota leso yake kitandani. "Lakini neno likivuja nje ya chumba hiki, kwamba Seneta Purvis anauza Lemuel wa bandia, nawatoa wote wawili. Kiti nampa mtu wa St. Louis, na hapo hakuna cha kurudia."

Lemuel alimtazama mkewe. Kisha akaitikia kwa kichwa. Mtu akiahidiwa kurudishiwa chake, huinama chini sana, na hajui ameinama mpaka mgongo umuume.

"Na koti," Seneta akasema mlangoni. "Mama, wewe si mshonaji? Lipunguze mikono kidogo. Linamvaa kijana badala ya yeye kulivaa."

*

Walifanya kazi ile mchana, dirisha limefungwa na blanketi limejazwa chini ya mlango ili majirani wasisikie. Roscoe alisimama katikati ya chumba, koti la buluu mwilini, dada yake amepiga magoti na pini mdomoni, shemeji yake ameketi kitandani na kidonda chake.

"Tena," Lemuel akasema.

Roscoe akapuliza. Alipanda, akafika juu, na sauti ikatoka nzima, inang'aa. Odessa aliyekuwa na pini mdomoni akafumba macho kwa utamu.

"Hapana. Tena. Pasua."

"Ni-ni-nipasue vipi, shemeji? Mdomo wangu hautaki."

"Legeza kona."

Akalegeza. Tarumbeta likatoa sauti ya bata. Lemuel akapiga goti lake kwa kiganja.

"Si hivyo! Huo ni upuuzi. Ile ya kwangu haikuwa upuuzi. Unapanda vizuri, unavuta pumzi, unadhani umefika, halafu mtu anakuchoma sindano ya moto hapa." Akajigusa juu ya mdomo, akasinyaa. "Lakini huachii. Ungeachia wangesema kateleza. Unabaki humo humo kwenye maumivu mpaka sauti ijirudi. Umeelewa?"

"Mi-mi-mimi siumwi, shemeji."

"Basi igiza!"

Odessa akatema pini kiganjani. "Mnasikia mnachokisema? Mtu anamwomba mwenzake aigize jipu! Lemuel, mwache apige alivyojaliwa. Kwani alichopiga sasa hivi kilikuwa kibaya?"

Lemuel akalitazama tarumbeta lake.

"Kilikuwa kizuri," akasema. "Ndiyo maana nataka apasue."

Alipoyasikia maneno hayo yametoka kinywani mwake, akajichukia. Hata hivyo hakuyarudisha. Roscoe naye aliyasikia, akashusha macho, na tangu hapo alijitahidi kupasua kwa bidii, kama adhabu. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameupata. Alijiuma ndani ya mdomo kwa jino la pembeni, papo hapo juu kileleni, na sauti ikachanika vile vile. Walipompangusa kulikuwa na damu kwenye mdomo wa tarumbeta. Odessa akalifua koti na kulipiga pasi, akamkabidhi mdogo wake bila kumtazama.

Roscoe akahama. Majirani waliambiwa amepata kazi mji wa Gary, kwenye viwanda vya chuma. Tarumbeta alilichukua limefungwa ndani ya foronya, kwa sababu kasha lenyewe lilikuwa na kazi nyingine. Kila jioni Lemuel alivaa koti lake zito, akajifunga skafu mpaka puani, akabeba kasha tupu na kushuka ngazi.

"Haya, Lemuel, kawachezeshe hao!" Mzee Gaither alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni kwake. Mzee Gaither alitumikia mabehewa ya kulala ya treni maisha yake yote, na sasa kazi yake ilikuwa kujua nani katoka na nani kaingia. "Mbona siku hizi husemi? Umekuwa bahili wa maneno?"

Lemuel alinyanyua mkono, akaenda zake kukaa stesheni, kwenye benchi la wasafiri, kasha magotini. Alikaa mpaka saa za bendi kwisha, kati ya watu wenye tiketi. Mara moja askari alimwamuru afungue kasha. Akafungua. Askari alitazama velveti tupu yenye umbo la tarumbeta, akamtazama mwenye kasha, akacheka na kuondoka. Lemuel hakumsimulia mkewe. Aliporudi, Dada Tolliver wa chumba cha mkabala alikuwa akipita kwenda chooni.

"Mungu akuinue zaidi, ndugu Tate," akasema. "Jumapili hiyo ya redio, mimi na pai yangu tunakuja kwa Odessa. Pai ya viazi vitamu. Naikusudia kabisa."

"Asante, dada," Lemuel akasema ndani ya skafu.

*

Jumapili ya redio ufizi ulikuwa umevimba upya. Lemuel aliamka na homa, miguu haimshiki. Kwenda stesheni hakuweza.

"Nitawaambia redio imeharibika," Odessa akasema.

"Wanaisikia kila siku. Watajua kuna jambo." Akajivuta nyuma ya pazia, akajilaza kwenye kochi lililokuwa la Roscoe. "Waache waje. Mimi nimeshaondoka kwenda kazini. Nikirudi kwenye kiti changu tutacheka."

"Na ukikohoa?"

"Sitakohoa."

Saa kumi na moja jioni walijaa. Dada Tolliver aliingia na pai yake imefunikwa kitambaa cheupe, akaiweka katikati ya meza kama sadaka. Mzee Gaither alivaa tai. Nyuma yao wakaja wengine wa ghorofa ile, na watoto wakakaa sakafuni karibu na redio. Odessa aliwatafutia pa kukaa, mgongo wake umeelekea pazia.

"Mbona umesimama kama mtumishi?" Dada Tolliver akasema. "Keti, mke wa mtu mkubwa."

"Nimezoea kusimama."

"Lemuel katoka saa ngapi? Sikumwona," Mzee Gaither akauliza.

"Mapema."

"Basi katoka asubuhi, maana mimi tangu chakula cha mchana nipo mlangoni."

Redio ikamwokoa. Mtangazaji, mzungu mwenye sauti ya siagi, alikuwa akiwakaribisha wasikilizaji wa nchi nzima katika ukumbi wa Monarki. Bendi ikalipuka. Saksafoni zikauliza, tromboni zikajibu, na chumba kizima kikaanza kutikisika, watoto, viti, sahani za Odessa kabatini. Lazima niseme ukweli hata kama unaniudhi: ilikuwa tamu. Walivyotendewa watu wale, na walivyotendana wenyewe, ilipaswa kunuka. Ilikuwa tamu mpaka machozi.

Kisha ikaja "Mzigo wa Jumamosi." Saksafoni zikanyamaza. "Shhh!" Dada Tolliver akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Tarumbeta likasimama peke yake, likatembea, likapanda, likafika juu. Likapasuka.

Chumba kikapiga kelele. "Huyo Lemuel! Huyo!" Mzee Gaither alirusha kofia yake, watoto wakagaagaa. Dada Tolliver alikuwa amemkumbatia Odessa na kumyumbisha huku na huku. "Mungu amempa nini huyu mtu! Hakuna mwingine duniani anayeweza vile! Hakuna!" Na umbali wa mkono mmoja, nyuma ya kitambaa cha maua, Lemuel Tate alikuwa amelala na ngumi mdomoni, akizuia kikohozi, akisikiliza anavyoshangiliwa.

Makofi ya ukumbini yalipopungua, mtangazaji akasikika karibu zaidi.

"Mabibi na mabwana, hebu tumlete hapa huyo mchawi wa tarumbeta. Njoo, Lemuel, njoo kijana, usiogope hiki kidude, hakiumi." Wazungu wakacheka. "Tuambie, nani anakusikiliza nyumbani leo?"

Upepo wa redio ukavuma. Odessa alihisi mikono ya Dada Tolliver ingali imemzunguka.

"Ni-ni-ni mke wangu, bwana," redio ikasema. "Mke wangu, O-O-O…"

"Odessa," akamalizia mtoto mmoja sakafuni, kwa mazoea ya kanisani.

"…Odessa."

Wazungu wakacheka tena na kupiga makofi. Bendi ikaanza kibao kingine upesi. Chumbani mle hakuna aliyetikisa mguu. Dada Tolliver alishusha mikono yake polepole.

"Huyo si Lemuel," Mzee Gaither akasema. "Huyo ni Roscoe."

"Roscoe si yuko Gary?"

"Nasema huyo ni Roscoe. Kijana kanisomea matangazo miaka minne, nisimjue?"

"Na kamwita dada yake mke?" Dada Tolliver akamgeukia Odessa, uso umekunjamana kama aliyeuma kitu kibovu. "Odessa. Mdogo wako wa damu, tumbo moja, anakuita mke mbele ya nchi nzima?"

Odessa aliwatazama watu wale, nguo zao za Jumapili, tai ya Mzee Gaither, pai. Kinyaa alichokimeza tangu siku ya leso na machungwa kikampanda chote, na hakikuchagua mtu. Kilikuwa cha Seneta, cha wazungu wa Monarki, cha mumewe aliyemfundisha mtoto kujiuma mpaka damu, na cha yeye mwenyewe aliyepunguza mikono ya koti.

"Mnamtaka Lemuel?" akasema.

Akalivuta pazia kwa nguvu hata kamba ikakatika.

Lemuel aliketi juu ya kochi. Fulana yake ilikuwa imelowa jasho, taya limefungwa kitambaa chenye doa la manjano, shavu limevimba upande mmoja. Miguuni pake kasha la tarumbeta lilikuwa wazi, tupu. Mtoto mdogo kuliko wote akaangua kilio. Redio iliendelea kupiga kwa furaha, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Walingoja aseme. Hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nilingoja. Nilidhani atatukana, au atalia, au atatuomba tusiseme nje, maana kiti chake kilikuwa kimekwenda na yeye alijua. Mtu wa St. Louis pengine angepigiwa simu usiku ule ule. Lemuel alikishusha kitambaa kutoka mdomoni, tukaliona pengo.

"Amepasua mapema," akasema. "Pumzi bado haijaisha. Mimi jino liliuma baada ya pumzi."

Mzee Gaither aliiokota kofia yake sakafuni, akaipangusa, akatoka. Watoto wakavutwa mikono. Dada Tolliver alibaki wa mwisho. Alisogea mezani, akaitazama pai yake, akamtazama Lemuel. Kisha akaifunika vizuri kwa kile kitambaa cheupe, akakikunja pembe moja baada ya nyingine, akaibeba na kurudi nayo chumbani kwake.